Mtoto Aliyepona Mpaka Akanyamaza

Sitataja jina la mtu. Si kwa woga. Hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, jina halihitajiki. Ukisema "mkuu wa shule ile ya juu ya barabara, yule aliyekuwa jeshini", hata mbuzi wanajua ni nani. Kwa hiyo nitataja vyeo, na kila mwenye cheo atajijua. Wenye makosa ni wanne: mkuu wa shule, kaka yangu wa Kampala, watu wa kilio cha Karambi, ambao ninawahesabu kama mtu mmoja kwa sababu wote walisema neno moja, na mimi. Mimi nimejiweka mwisho kwa sababu kalamu ni yangu.

Shule niliacha darasa la tano. Kiingereza changu ni cha bei na cha matusi. Kuandika Kiswahili nilifundishwa na sista mmoja kambini, wakati tuliposhuka kutoka milimani tukiwakimbia waasi. Nauza chumvi ya Katwe, ile ya kupikia na ile ya mabonge ya ng'ombe, na wateja wangu wengi wanatoka ng'ambo ya mto, Kongo. Miaka ishirini nimekaa sokoni nikiangalia watu wanavyodanganya mizani. Hilo lieleweke mapema, kwa sababu na mimi nitaidanganya.

Binti yangu ana miaka kumi na miwili. Baba yake yuko Katunguru, karibu na daraja, anauza samaki, na amepata mke asiyejibu. Huyu mtoto wake alikuwa anajibu. Alikuwa anajibu hata asipoulizwa.

Nikimtuma maji, anarudi bila maji na bila jerikeni, lakini ana habari: ng'ombe wa nani amezaa, polisi gani amelala kivulini, na kwa nini chura hana shingo. Akianza kuosha sahani, sahani ya tatu inabaki na povu, yeye yuko juu ya mti wa ovakedo anamwiga ofisa wa forodha: "Mama, fungua mzigo! Mama, funga mzigo! Mama, mzigo gani huu unanuka ukweli?" Sokoni watu walikuwa wanaacha biashara kumsikiliza. Kanisani, kimya cha baada ya komunyo, aliuliza kwa sauti ya kengele kama padri amevaa soksi za rangi mbili kwa makusudi. Padri mwenyewe aliinama akaangalia.

Hayo ni ya kucheka. Ya kulia nayo yalikuwepo. Darasa la nne alirudia. Walimu walimpiga mpaka wakachoka, halafu wakampumzisha, halafu wakampiga tena. Alikuwa anasoma mstari wa kwanza wa swali na mstari wa mwisho wa swali lingine, anajibu lile la katikati ambalo halipo. Siku moja, barabara ya mpakani, alikimbiza mfuko wa plastiki uliochukuliwa na upepo, akapita mbele ya lori. Dereva alifunga breki, akashuka, akatapika kando ya gurudumu. Mtoto alimpa pole.

Tulimwombea. Nilifunga siku tatu kwa ajili yake. Yeye alikula sahani yangu. Mganga mmoja akamchanja, akasema ni roho ya mtu wa ukoo aliyekufa akiwa safarini. Nikamwambia ukoo wetu wote ulikufa ukiwa safarini, achague mmoja.

Ndipo kaka yangu akasema kwa simu kwamba watoto wa mabosi wake Kampala wana ugonjwa kama huo na wanakunywa dawa. Akaniambia kuna kliniki ya mambo ya akili Kasese. Nikaenda.

Musawo wa pale, yaani daktari, ni mwanamke mdogo, anavaa raba za kukimbilia, anazungumza polepole kama mtu anayevuka maji. Alikaa na mtoto, akamchezesha, akamuuliza maswali, akaniuliza mimi, akampigia mkuu wa shule. Tulienda mara tatu kabla hajasema kitu. Halafu akaniambia: "Mama, mtoto wako si mjinga na hana shetani. Kichwa chake ni kama soko siku ya Ijumaa. Kila mtu anauza kwa sauti, na yeye hawezi kuchagua amsikilize nani. Kuna kidonge kinachoweza kumsaidia kuchagua."

Kidonge chenyewe Kasese hakipatikani kwa urahisi. Kaka yangu alikuwa anakinunua Kampala na kukituma kwa basi.

Musawo akanipa fomu. Visanduku vingi: chakula, usingizi, kichwa kuuma, tumbo, hasira, kulia, huzuni. Alinisomea kimoja kimoja kwa Kiswahili na kuniandikia pembeni kwa penseli. Chini kabisa kulikuwa na mistari mitupu. "Hapa," akasema, "andika jambo lolote lingine. Dawa hii ni nzuri, lakini ni ya kuangaliwa kama maziwa motoni. Inaweza kumpunguzia hamu ya kula, inaweza kumharibia usingizi. Inaweza pia kumgeuza hali, awe mkali, au awe na huzuni, au apoe kupita kiasi. Wewe ndiye macho yangu."

Nilitoka pale nikiwa mrefu. Mimi wa darasa la tano, macho ya musawo!

Na kidonge kilifanya kazi. Hilo nalisema wazi, kwa sababu kuna watu watasoma hapa wakimbilie kusema dawa za wazungu ni sumu. Mwezi wa kwanza mtoto alirudi na viatu viwili, vyote vyake. Alisoma ukurasa mzima, akaja kunionyesha kidole chake mahali alipomalizia, kama mtu aliyefika Kampala kwa miguu. Alibeba jerikeni, ikarudi. Na bado alikuwa yeye: anaiga forodha, anacheka, ila sasa anamaliza sahani kwanza. Kama tungeishia hapo, nisingekuwa na cha kuandika.

Hatukuishia hapo kwa sababu ya mkuu wa shule.

Huyu bwana alishika bunduki kabla hajashika chaki, na mikono yake haijaona tofauti. Ukiingia ofisini kwake hakwambii karibu. Anasema, "Simama hapo. Ripoti." Nikaripoti kwamba mtoto anaendelea vizuri.

"Asubuhi anaendelea vizuri," akasema. "Saa nane anaanza kuchezea penseli. Mama, huyu mtoto ana akili, nimeona. Mwakani ana mtihani wa kumaliza primari. Anaweza kupata daraja la kwanza. Unajua mara ya mwisho shule hii ilipata daraja la kwanza ni lini?"

"Sijui, afande."

"Hata mimi sijui. Waambie waongeze dawa."

Nikampigia kaka yangu. "Dada," akasema, "ongeza. Mimi sinunui dawa ili mtoto achezee penseli."

Hivyo tukarudi Kasese, mimi nikibeba ujumbe wa wanaume wawili kama mtumwa wa barua. Musawo alisoma fomu ya mkuu wa shule, kwani shule nayo ilikuwa na yake, akaniuliza kama nyumbani nako naona anahitaji zaidi. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimeona kitu. Nilisema ndiyo kwa sababu wanaume wawili walikuwa wamesema ndiyo. Musawo akapandisha dozi, kidogo. Akarudia yale ya maziwa na moto.

Wiki ya pili, nyumba yangu ikawa na heshima.

Mtoto anaamka, anatandika, anakunywa uji nusu kikombe, anameza, anaenda. Anarudi, anapiga magoti kusalimia, hata kwa mtu anayepita tu kuuliza njia. Hajibu. Haulizi. Akimaliza kazi anakaa kwenye jiwe nje ya mlango, anajichubua ngozi ya kidole gumba, anaangalia ukuta wa choo cha jirani. Ukimwita anakuja mara ya kwanza. Wenye watoto wanajua hilo si jambo la kawaida.

Jirani yangu wa sokoni, mama wa Butembo, kule Kongo, anayeuza vitenge, akaniita kando. "Mama wa chumvi, mutoto yako amekuwa na adabu mingi sana. Ni wewe ulimupiga ao ni Mungu?"

"Ni kidonge," nikasema.

"Kidonge? Unipatie moja kwa ajili ya bwana yangu."

Tulicheka mpaka mteja akakasirika. Mimi nilicheka kuliko yeye. Nilikuwa na furaha ya mtu ambaye mbuzi wake ameshinda maonyesho.

Na fomu nilijaza. Kila Jumapili nilikaa na penseli. Hasira? Hakuna. Kulia? Hakuna. Usingizi? Analala. Huzuni? Huzuni ni mtu kulia, na huyu halii, kwa hiyo hakuna. Ile mistari mitupu ya chini niliiacha mitupu. Ningeandika nini? Kwamba mtoto wangu amekuwa na adabu? Nani anapeleka adabu hospitali?

Kisanduku cha chakula ndicho kilichonitesa. Mtoto hakuwa anakula. Chakula cha mchana shuleni alikuwa anampa mwenzake. Jioni anakula vijiko vitatu anasema ameshiba. Magoti yalikuwa yameanza kutoka kama vifundo vya kamba. Lakini niliogopa: nikisema hali, watapunguza dawa, na viatu vitaanza tena kurudi kimoja. Basi siku ya kliniki, tukiwa karibu na lango, nilimnunulia chapati ya mayai nikamlazimisha aimalize, halafu nikampa chupa kubwa ya maji anywe yote. Sisi wa chumvi tunajua: maji ni uzito. Chumvi kavu ya kilo kumi, ukiinyunyizia vizuri, inakuwa kilo kumi na moja, na mteja anakwenda nayo Kongo akiimba. Mtoto wangu akapanda mizani amejaa maji, mizani ikasoma vizuri. Alikunywa bila kuuliza kwa nini. Zamani angeniuliza kwa nini mara kumi, na angemuuliza musawo ya kumi na moja.

Sasa niseme kitu kuhusu ukimya, halafu niende Karambi.

Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na mitano, asubuhi moja waasi walipita katika shamba letu la kahawa. Mama alitulaza watoto wanne chini, akatufunika majani makavu ya migomba. Kwa jirani kulikuwa na mtoto mchanga, akalia. Sisi hatukulia. Ndiyo sababu sisi tupo. Tangu siku hiyo mama yangu aligawa watoto wa dunia hii mafungu mawili, wanaonyamaza na wanaokufa, na mimi nilikua na hesabu hiyo kichwani. Na si mimi peke yangu. Kaa na watu wa rika langu huku kwetu, wasikilize wanavyosifu mtoto. Hawasemi ana akili. Hawasemi mzuri. Wanasema: "Huyu, hata hujui kama yupo."

Mama yangu alikufa kijijini kwetu Karambi, mwezi wa pili wa dozi mpya. Alikufa kwa uzee, kitandani kwake, jambo ambalo kwa mtu wa kizazi chake ni kama kushinda kesi.

Yeye na binti yangu walikuwa watu wa vita vitamu. Bibi alimwita mke mwenza. Naye mtoto alimwita kizee cha meno mawili. Likizo walilala kitanda kimoja, wakitukanana mpaka usingizi uwachukue. "Mke mwenza, miguu yako baridi kama ya maiti, toka." "Toka wewe, kizee, kitanda ni cha mume wetu." Mama yangu, aliyetufundisha sisi kunyamaza kama mawe, kwa mjukuu huyu mmoja alivunja sheria zote. Sijui alikuwa anadai nini kwa Mungu.

Tulifika kilioni saa nne asubuhi. Kwetu ukikaribia boma la msiba unaanza kulia njiani, ili waliomo wajue umekuja na uchungu wako, hukuja kula. Mimi nililia. Shangazi yangu alilia, wale waliomchukia marehemu walilia zaidi. Binti yangu alitembea kando yangu macho makavu, ameshika kitambaa changu. Tukaingia. Akapiga magoti kwa kila mzee. Akachukua ndoo, akaenda kuteka maji ya wageni, akarudi, akaenda tena. Walipoteremsha jeneza alisimama mikono mbele, kama mtu anayengoja zamu yake kwenye mashine ya kusaga.

"Huyu amekua," akasema mjomba mmoja.

"Amelelewa," akasema mwingine.

Shangazi yangu, ambaye hajawahi kunisifu tangu nizaliwe, alinishika bega: "Umezaa mtu, wewe. Tazama. Hata hujui kama yupo."

Nami nilijivuna. Kilioni kwa mama yangu mzazi, nilijivuna, kwa muda wa kumeza mate. Halafu mtoto akageuka, akaniangalia. Hakuwa na huzuni na hakuwa na ujasiri. Uso ulikuwa umewekwa tu, kama kitu kilichowekwa na mtu akaondoka. Uso ule ninaujua. Nimewahi kuuvaa, chini ya majani ya migomba. Mimi niliuvaa kwa sababu ya bunduki. Huyu bunduki yake ilikuwa wapi?

Mchana, watu wakila, nilimpeleka nyuma ya jiko. Nikamuuliza, "Humlilii bibi?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, kama swali la hesabu. Akasema, "Nitalia, mama, ukitaka."

Siku ya tatu tulikuwa Kasese. Haikuwa siku yetu ya kliniki. Mlinzi wa lango akasema turudi wiki ijayo. Nikamwambia, "Afande, kama unataka nilale hapa langoni nitalala, na mimi nakoroma." Akatufungulia.

Musawo alikuwa na fomu ya mkuu wa shule mezani, imetumwa. Akanionyesha. Kila kisanduku kimewekewa alama ya sawa, mstari mzima mpaka chini, kama gwaride. Pale penye mistari mitupu mkuu alikuwa ameandika: tabia bora kuliko wote darasani. Halafu musawo akaweka fomu zangu mimi kando yake. Hakuna, hakuna, hakuna.

"Mama, hapa umeandika hakuna kila mahali."

"Ni kwa sababu hakukuwa na kitu, musawo."

Akazisogeza fomu kwangu. "Hilo ndilo ulilopaswa kuniambia."

Nikasema yote. Nikasema chakula cha mchana anampa mwenzake. Nikasema chupa ya maji. Aliponiuliza ilikuwa kubwa kiasi gani nikamwonyesha kwa mikono, na aibu ikanipanda mpaka kwenye nywele. Sokoni, mtu akikushika na chumvi iliyolowa, unamtukana kwanza ili upate nafasi. Hapa hapakuwa na mtu wa kumtukana. Mtoto akapanda mizani mkavu. Musawo akaandika namba, akaitazama, akaitazama tena.

Kisha akafanya jambo ambalo sisi wanne wote, na vyeo vyetu, hatukuwa tumelifanya. Alimgeukia mtoto akamuuliza.

"Ukimeza kidonge, kichwani kunakuwaje?"

Binti yangu akaniangalia kwanza, kuomba ruhusa. Nikatikisa kichwa kukubali. "Ni redio," akasema. "Zamani ilikuwa inapiga stesheni zote pamoja. Kidonge cha kwanza kilikuwa kizuri, nilikuwa nachagua stesheni. Sasa iko moja tu. Inasoma hesabu. Haina muziki."

"Na bibi alipofariki?"

"Nilijua natakiwa kulia. Nilitafuta." Akajichubua kidole. "Nilitafuta sana, musawo. Sikuona."

Akasema hivyo kama mtu anayeeleza amepoteza penseli.

Musawo hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alieleza kwamba dozi imemzidi, kwamba mtoto anaweza kukaa kimya darasani na bado akawa anaumia, na kwamba kimya hicho nacho ni cha kuandika kwenye fomu. Akashusha dozi ikarudi pale ilipokuwa nzuri. Akanikataza kuikatisha mwenyewe, kwa sababu aliona nilivyokishika kile kichupa cha vidonge, kama nataka kukitupa chooni. "Usiigombeze dawa," akasema. "Iangalie. Na safari hii usiniandikie mabaya tu. Andika na vitu vyake. Anavyochekesha. Anavyokujibu. Vikipotea, nipigie simu, usingoje siku ya kliniki."

Hivyo mimi, mama mtu mzima, nikaanza kuandika daftari la utundu. Jumatatu: hakumwiga mtu. Jumanne: hakumwiga mtu, amekula ndizi mbili. Alhamisi: ameuliza kwa nini wafu wanavalishwa viatu. Hilo nililipigia mstari. Ijumaa: amesahau jerikeni. Nililisaini hilo.

Mkuu wa shule naye alikuwa anaandika. Aliniita. "Ripoti."

"Dozi imeshuka, afande. Ni amri ya musawo."

"Mtoto amerudia penseli! Mitihani ya majaribio iko mlangoni. Kwani alikuwa anaumwa? Alikuwa analia? Alikuwa analalamika?"

"Hapana, hakulalamika."

"Sasa?"

Nilimtazama. Mtu mkubwa, mabega mapana, amepona vita kama mimi nilivyopona. Nikajua anauliza kweli. Hakuwa na ubaya. Ndiyo maana nasema ana makosa: ubaya ungemfundisha angalau kuangalia mtu anaumia wapi.

Kaka yangu alinipigia kelele kwa simu, akasema nampotezea nguvu zake. Nikamwambia aje alale na huyu mtoto wiki moja, amsikilize asivyosema kitu. Akakata. Lakini dawa aliendelea kutuma, nampa haki yake. Kaka yangu ni mtu wa kukasirika na kutuma.

Majaribio yalianza. Katika karatasi ya kwanza alishuka kutoka wa tatu hadi wa kumi na moja. Sitasema haikuniuma. Mimi sikufika hata darasa la sita. Hilo daraja la kwanza nilikuwa nimeshalivaa kichwani kama kilemba.

Halafu, siku ya karatasi ya sayansi, shule ilituma mtu kuniita sokoni. Nikamwachia mama wa Butembo chumvi yangu, nikapanda mlima mbio.

Nilimkuta chini ya mlingoti wa bendera. Alikuwa amekaa kwenye udongo, miguu imenyooka mbele, analia. Hakulia kama mtoto wa shule. Alilia kile kilio cha njiani, cha kuingia boma la msiba, mikono kichwani, kamasi mpaka kidevuni. Madirishani watoto wa darasa lake walikuwa wanachungulia, na kama kumi wao pia walikuwa wanalia, kwa sababu huku kwetu kila mtoto ana mtu wake chini ya udongo, anangoja mwenzake aanze. Mwalimu wa zamu alikuwa anazunguka na karatasi za mtihani mkononi kama mtu aliyeshika nguo zinazoungua.

Aliponiona akapiga yowe: "Mama! Bibi amekufa!"

Alisema kama habari. Kama amekimbia kutoka Karambi kuniletea.

"Ndiyo," nikasema. "Amekufa."

"Mke mwenza amekufa!"

"Amekufa, mwanangu."

"Na mimi nilibeba maji! Nilibeba maji tu!"

Nikakaa kwenye udongo na kitenge changu kizuri. Tukalia. Nililia upya, kilio cha pili ambacho sikujua ninacho. Nyuma yangu nikasikia viatu vya mkuu wa shule, vikasimama. Hakusema ripoti. Alisimama muda mrefu kwa mtu wa aina yake, halafu viatu vikaondoka.

Lakini mkuu ni mkuu. Jioni alituma neno: mtihani umevurugika, darasa zima litarudia sayansi, na mzazi alete barua ya kuomba radhi, kwa Kiingereza, imesainiwa, ndipo mtoto arudi darasani.

Kiingereza changu nimeshasema. Barua akaiandika mtoto mwenyewe, mezani, ulimi nje, akiinuka mara nne: mara ya kwanza kunywa maji, mara ya pili kumwangalia kuku, mbili nyingine sijui. Alinisomea kwa Kiswahili, maneno mazuri yenye unyenyekevu. Nikasaini.

Asubuhi nilisimama pale panaposimamwa, mtoto kando yangu. Mkuu akavaa miwani, akasoma kimya. Akafika mahali akarudi nyuma. Akasoma tena.

"Mama," akasema, "unajua barua yako inasema nini?"

"Inaomba radhi, afande."

"Inaomba radhi. Inasema unasikitika sana kwa kelele za binti yako." Akasogeza karatasi karibu na dirisha. "Halafu inasema unaahidi kwa moyo wote kwamba zitaendelea."

Nilimtazama mtoto. Mtoto alikuwa anatazama dari, midomo ameibana, mabega yanaruka.

"Hii ni saini yako?"

"Ni yangu."

"Uliisoma kabla ya kusaini?"

"Afande," nikasema, "saini ni yangu."

Akaikunja barua, akaitia mfukoni mwa shati, akamwelekeza mtoto darasani kwa kidole. Mtoto alitoka mbio, akasahau kiatu kimoja mlangoni.

Nikakiokota, nikamfuata.